Neno la Mhariri: Pengo la askari linazibwa na nani?

Sange, kwetu Kivu Kusini nchini Kongo, iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Uvira. Majeshi yanayokwenda mbele na yanayorudi nyuma hupita mlangoni petu. Ndiyo maana toleo hili linauliza: nchi ikipeleka askari nje mwaka baada ya mwaka hadi wakapungua, nani anabeba upungufu huo?

Burundi ilianza kupeleka askari Somalia mwaka 2007, kisha Afrika ya Kati. Agosti 2022 vikosi vyake viliingia Kivu Kusini, wakati maelfu ya wenzao walikuwa bado Somalia. Afrika Kusini nayo ilikuwa haijatoka Msumbiji ilipoingia Kivu Kaskazini, Desemba 2023, pamoja na Tanzania na Malawi. Mapigano ya Januari 2025 na waasi wa M23 yaliua askari 14 wa Afrika Kusini. Machi, jumuiya ya SADC iliyokuwa imewatuma ikaufunga ujumbe wake. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa imekwisha kuondoka Kivu Kusini tangu Juni 2024.

Hatuwabezi waliokufa mbali na kwao. Tunasema tu kwamba kila serikali inayotuma askari nje ina kikomo chake: hazina, majeneza, hasira ya raia. Kikomo kikifika, askari hurudi nyumbani na vita hubaki kwetu.

Hapo ndipo wanapoitwa vijana wa vijiji. Sheria ya Kongo ya 2023 iliunda jeshi la akiba, na Wazalendo, yaani vikundi vya wapiganaji wa vijijini, wakatakiwa kuingia humo. Wengi walifika mstari wa mbele bila mafunzo ya kutosha wala mshahara. Mwenye bunduki asiyelipwa hujilipa kwenye vizuizi vya barabarani, na anayetoa ni mama anayepeleka mihogo sokoni. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23 Februari 2025, askari wa serikali walirudi nyuma hadi Uvira, wakapigana humo na Wazalendo waliotaka silaha zao. Desemba, M23 ilishuka uwanda wa Ruzizi ikapita Luvungi na Sange hadi Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi.

Watakaosema Kongo haina watu wa kutosha wanakosea. Ujumbe wa Ulaya wa EUSEC, ulioanza 2005, ulisaidia kuhesabu askari na kuwaondolea makamanda mikoba ya mishahara, kwa kuwa orodha zilijaa askari hewa. Kazi hiyo ilituonyesha kwamba sehemu ya upungufu huanzia kwenye daftari la malipo. Jirani hawezi kutuzibia pengo hilo, hata akituma vikosi vingapi.

Kwa hiyo tunaidai Kinshasa mambo matatu: ihesabu askari wake upya mbele ya Bunge, iwalipe moja kwa moja, na kila Mzalendo apewe ama mafunzo, mshahara na kamanda anayewajibika, ama njia ya heshima ya kurudi shambani. Bila hayo, mkataba wowote wa kuleta vikosi vya kigeni utaahirisha tu siku ambayo vijana wa Sange wataitwa tena kufa mahali pa jeshi ambalo halikujengwa.