AFYA YA JAMAA: Mifupa ya Mama Zetu



Juma hili twataka kusema nanyi habari ya mifupa, hasa mifupa ya mama zetu waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Labda mmoja atauliza: Je, hakuna jambo kubwa zaidi? Asome kwanza neno tuliloliona kwa macho yetu.

Mama mzee mmoja wa mtaa wetu, mwenye kuja Misa kila asubuhi, aliteleza mlangoni pa jiko lake. Hakuanguka toka juu ya mti, wala hakusukumwa na mtu. Aliteleza tu, akaketi chini kwa kishindo kidogo. Lakini mfupa wa nyonga ulivunjika. Watoto wake walipokusanyika hawakuuliza: Mama amekula nini miaka hii yote? Waliuliza: Ni nani aliyemtega? Siku mbili zilipita katika kumtafuta mchawi, naye mama amelala mkekani akiugua, kabla hawajamchukua hospitali. Na jirani waliyemshtaki alikuwa mama mzee kama yeye. Kosa lake lilikuwa nini? Mgongo wake umepinda. Basi, hao mama wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, wala hakuna aliyejua.

Tujue kwanza sababu. Mfupa si jiwe. Ni kitu chenye uhai. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo ya mfupa na kujenga nyingine mpya, kama waashi wanaotengeneza nyumba ya zamani. Katika ujana wajenzi huwashinda wabomoaji, na mifupa huzidi kupata nguvu mpaka karibu na miaka 30. Lakini mwanamke afikapo miaka 45 hadi 55, siku zake za mwezi hukoma. Hapo homoni iitwayo estrojeni, ambayo iliwazuia wabomoaji, hupungua sana. Katika miaka ya kwanza baada ya hapo mifupa hupungua upesi kuliko zamani. Hakuna maumivu, hakuna alama. Mfupa huwa kama mti ulioliwa na mchwa: nje mzima, ndani matundu. Ndipo kuteleza kidogo huvunja nyonga au kifundo cha mkono. Nayo mifupa ya uti wa mgongo husagika polepole, mtu akapungua kimo na kuinama. Huo si uchawi.

Je, chakula chaweza kusaidia? Ndiyo, tena chakula cha nchi yetu.

Cha kwanza ni chenye kalsiamu, madini ambayo mwili hujengea mifupa. Mama aliyekoma hedhi ahitaji miligramu 1,200 hivi kila siku. Robo lita ya maziwa huleta karibu 300. Mwenye kuumwa na tumbo kwa maziwa mabichi mara nyingi huweza kunywa maziwa yaliyoganda. Na wenyeji wa Kivu wanayo jibini ya Masisi.

Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Ziwa Tanganyika latupa ndakala, na tangu miaka ya 1958 hadi 1960, samaki hao wadogo walipopelekwa Ziwa Kivu, watu wa Bukavu na Goma wanao sambaza. Samaki hao huliwa wazima, na kalsiamu yao imo ndani ya mifupa yao midogo. Kwa hiyo mpishi anayetupa vichwa na miiba atupa sehemu iliyo bora. Ikiwa mzee hana meno, ndakala wakavu waweza kutwangwa kuwa unga na kutiwa katika mboga.

Kisha majani: sombe, matembele, lengalenga, majani ya kunde, kabichi. Lengalenga ina kalsiamu nyingi, lakini ina pia asidi inayoishika sehemu yake isiingie mwilini. Basi afadhali kubadili mboga kuliko kutegemea moja. Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, ili sumu yake itoke.

Mfupa wataka pia chakula cha kujenga mwili: maharagi, soya, karanga, samaki, mayai. Katika makabila mengine wazee waliwakataza wanawake mayai na kuku. Mwiko huo haukumlinda mwanamke; ulimnyima tu.

Tena pana vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu haiingii vema mwilini. Twaipata katika samaki na kiini cha yai, lakini zaidi katika jua linalogusa ngozi. Mzee anayefungiwa chumbani mchana kutwa hukosa neema hiyo ya bure. Mtoeni nje akae uani, mikono na uso vipate mwanga.

Na mambo ya kupunguza: chumvi nyingi, kwa maana hufukuza kalsiamu kwa njia ya mkojo, pombe kali, na tumbako. Kutembea na kulima kidogo hutia mifupa nguvu. Lakini kumpandisha mama wa miaka 60 vilima vya Bukavu na gunia mgongoni si mazoezi, ni kumvunja.

Tuseme kweli: chakula peke yake hakirudishi yote yaliyopotea. Aliyevunjika mfupa kwa anguko dogo, au anayezidi kuinama, apelekwe kwa mganga wa hospitali, kwa sababu dawa za ugonjwa huu zipo.

Sasa tutazame meza zetu. Katika nyumba nyingi samaki ni wa baba, mchuzi ni wa watoto, na nyanya hupewa bukari na chumvi pembeni mwa moto. Twasema: Amekwisha zeeka, hahitaji kitu. Kumbe yeye ndiye mwenye kuhitaji zaidi! Amri ya nne yatuamuru kuwaheshimu wazazi. Heshima hiyo si salamu za magoti tu, bali pia sahani.

Nanyi wasichana wa shule, msidhani maneno haya ni ya wazee peke yao. Ghala hujazwa wakati wa mavuno. Mifupa mtakayoitegemea katika uzee mnaijenga sasa.

Leo jioni, chakula kikiisha kuiva, jamaa moja moja ijiulize: Nyanya amepewa nini? Akipata ndakala wachache na mboga, pengine hatutahitaji kesho kumtafuta mchawi.