MAMA ANAYEITA ASIKARIPIWE



Katika safari zetu za matawi, Bukoba na Muleba, tulionyeshwa mkono wa mtoto. Alilazwa, akafungwa dripu, akalia usiku kucha. Mama yake alinyamaza kwa kuogopa kumsumbua nesi. Kulipokucha mkono ulikuwa umevimba na ngozi imegeuka rangi. Leo vidole havikunjiki.

Twasema wazi: kunyamaza kule hakukuwa adabu. Ni woga tuliorithi kwa kila mwenye koti jeupe.

Dawa ikivuja nje ya mshipa hukaa katika nyama. Maji ya chumvi ya kawaida huvimbisha tu, kisha mwili huyanyonya. Lakini zipo dawa zinazounguza: kalsiamu, potasiamu, glukosi ya asilimia 50, na vinkristini wanayopewa watoto wenye saratani ya Burkitt, wale tunaowavusha ziwa kwenda Bugando, Mwanza. Hizo zaweza kuua nyama mpaka kwenye kano.

Muleba twaijua kwa malaria. Mwaka 2006 ilitupiga vibaya. Mtoto mwenye malaria kali huweza kuishiwa sukari, akatiwa glukosi. Ile ya asilimia 50 yapasa kuzimuliwa kwanza, sehemu moja kwa nne za maji ya sindano, iwe ya asilimia 10. Ni kazi ya dakika chache tu, nayo huokoa mkono.

Basi mama akiona uvimbe, wekundu au ubaridi, au dripu inasitasita, au mtoto analia akiguswa hapo, aite. Nesi aifunge dripu mara moja. Asichomoe sindano kabla ya kuvuta kwa bomba dawa iliyobaki. Mkono uinuliwe, mpaka wa uvimbe uchorwe kwa kalamu, daktari aitwe. Pasisuguliwe kabisa. Wala mtu asikimbilie kitambaa cha moto: vinkristini hutaka joto, doksorubisini hutaka baridi, na anayejua ni nani ila aliyeitia dawa?

Wauguzi hatuwalaumu wote. Mmoja kulinda wodi nzima usiku si haki, na hilo nalo tutalisema kwa wenye mamlaka. Lakini kutofunika mahali pa sindano kwa bandeji nene hakuhitaji fedha, wala kupatazama kila anapopita.

Makatibu wa matawi waisome habari hii katika mkutano ujao. Akina mama waliowahi kuuguza waseme kwanza, wazee wasubiri zamu yao.