Oma wa Ruyigi: Mama ambaye hakuzaa, watoto wake ni maelfu

Mtoto wa miaka saba aliyeacha kukojoa kitandani tangu akiwa na miaka mitatu, ghafla anaanza tena. Usiku anashtuka na kulia. Mchana anamganda mama kila anakokwenda, hata chooni. Wazazi wengi humwita mtundu au mdekaji, na wengine huchukua fimbo. Kumbe mara nyingi mtoto huyo ameona au amesikia jambo lililozidi umri wake.

Watoto wa namna hiyo, tena wengi kwa mpigo, ndio aliojikuta nao Marguerite Barankitse, mwalimu wa mji mdogo wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ilikuwa Oktoba 1993.

Marguerite, ambaye wengi humwita Maggy, alizaliwa mwaka 1957 katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, mama ndiye aliyebaki na mzigo wa nyumba. Hakuolewa. Hata hivyo, kabla ya vita alikuwa tayari amechukua watoto saba wa kuwalea, wanne Wahutu na watatu Watutsi. Yeye mwenyewe ni Mtutsi. Katika Burundi ya wakati ule, meza moja yenye watoto wa pande zote mbili ilikuwa jambo la kusemwa na majirani.

Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza nchi hiyo, aliuawa. Mauaji ya kikabila yakasambaa. Siku tatu baadaye, Jumapili, watu wenye silaha walivamia makazi ya askofu Ruyigi, ambako Maggy alikuwa akifanya kazi na ambako alikuwa amewaficha Wahutu waliokimbia. Wavamizi walikuwa Watutsi wenzake. Wakamfunga kwenye kiti ili atazame. Watu 72 waliuawa siku ile, akiwemo rafiki yake wa karibu.

Yeye hawakumuua. Kwa fedha alizowapa wavamizi, aliweza kuokoa watoto 25. Wanawe wa kulea aliwakuta hai, wamejificha kwenye sakristia ya kanisa dogo la pale.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo kila mlezi angejiuliza: unaanzia wapi? Nyumba imechomwa, watoto wana majeraha, wengine wameona wazazi wao wakifa. Maggy alianza na yale ambayo mama yeyote angeanza nayo: kutafuta pa kulala, kutibu vidonda, kupika na kusali. Na wale waliouawa, alihakikisha wanazikwa.

Habari zilipoenea, watoto wengine waliletwa, Wahutu, Watutsi na Watwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Watoto wakampa jina Oma, neno la Kijerumani lenye maana ya bibi.

Uamuzi wake mkubwa, na pengine usiozungumzwa vya kutosha, ulikuwa kukataa kujenga bweni kubwa la yatima. Badala yake ndugu wa tumbo moja waliwekwa pamoja katika nyumba ndogo, mara nyingi kwenye vijiji vyao vya asili, wakiwa na shamba la kulima na mtu mzima wa kuwatazama. Jirani yao angeweza kuwa mtu wa kabila lililoua wazazi wao. Haikuwa rahisi, na hakuna sababu ya kudanganya kwamba kila jirani aliwapokea.

Lakini kiafya alikuwa mbele ya wakati. Utafiti uliofanyika Romania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto waliotolewa kwenye vituo na kupelekwa kwa familia za kuwalea walikuwa na maendeleo bora ya akili kuliko waliobaki vituoni, hasa waliohamishwa wakiwa wadogo. Mtoto hahitaji chakula na kitanda tu. Anahitaji mtu yule yule, kila siku, anayemjua kwa jina na kujua anachokiogopa.

Ruyigi ikapata pia jumba la sinema na bwawa la kuogelea. Wapo waliouliza: bwawa, katika mji maskini hivyo? Anayejua watoto hawezi kuuliza. Mtoto aliyeogopa kwa muda mrefu hujifunza upya kucheza kabla hajajifunza kueleza kilichompata. Mwaka 2008 ikafunguliwa Hospitali ya Rema, kwa ajili ya wajawazito na watoto kwanza kabisa.

Tuzo zilikuja, ikiwemo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2005 na ya Aurora mwaka 2016. Ile ya Aurora ilimkuta akiwa mkimbizi. Mwaka 2015 alipinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, akalazimika kuondoka, na kazi ya miaka zaidi ya 20 ikafungwa. Alikuwa anakaribia miaka 60, umri ambao bibi wengi wanasubiri wajukuu wawaletee sukari.

Akaanza upya Rwanda. Alikwenda kwa Warundi wenzake katika kambi ya Mahama, akafungua kituo Kigali ambako vijana hujifunza ushonaji, upishi na kazi nyingine. Misa na sala hakuziacha.

Kwa mzazi mwenye mtoto aliyetajwa mwanzo, hatua za kwanza hazihitaji fedha. Usimchape wala kumwaibisha kwa shuka iliyolowa. Rudisha ratiba ya kula, kulala na shule mapema kadiri inavyowezekana. Akitaka kusimulia msikilize, asipotaka usimlazimishe. Hali ikizidi mwezi mmoja, au akigoma kula, au akizungumzia kufa, mpeleke hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Kama analelewa na shangazi au bibi, msimhamishe hamishe.