"Sisi" ya Maombi Uwanjani

Ni jambo la kawaida nchini Kenya kuwaona wachezaji wameshikana mikono kabla ya kipenga kupulizwa, mmoja wao akiwaongoza kuomba kwa jina la Yesu. Wapo wanaouona mwenendo huu kuwa ushirikina uliovishwa joho la dini. Wapo pia wanaoamini kwamba timu isiyoomba haistahili kushinda. Makala haya hayaafiki upande wowote.

Ukristo na michezo nchini ni chanda na pete. Bruda Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki kutoka Ireland, alifika katika Shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976. Miongoni mwa wanariadha aliowanoa ni David Rudisha. Kumtaka mchezaji aliyekulia katika malezi ya namna hiyo aiache imani yake nje ya uwanja ni kumtaka acheze akiwa nusu mtu.

Hata hivyo, lugha ya maombi ina mtego ambao mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuutambua. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomtenga. Mchezaji anapoomba, "Tubariki, tushinde," ni nani hao wanaobarikiwa? Katika Kaunti ya Tana River swali hili si la sarufi pekee. Garsen na deltani kote wanaishi Wapokomo, wakulima ambao baadhi yao ni Wakristo na wengine Waislamu, pamoja na Waorma, wafugaji Waislamu. Timu moja ya kandanda huweza kuwa na vijana wa pande zote hizo. Maombi ya Kikristo yakitolewa kwa niaba ya timu nzima, Mwislamu hulazimika ama kuitikia asichokiamini ama kusimama kando. Anayesimama kando kabla ya mchezo amekwisha kutengwa na wenzake.

Hasara ya "sisi" finyu tumewahi kuishuhudia. Tarehe 9 Agosti 2012, Rudisha alitwaa dhahabu ya mita 800 jijini London kwa rekodi ya dunia ya 1:40.91, nasi tukajiona taifa moja. Siku 13 baadaye, tarehe 22, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, Tana Delta. Kiini cha mapigano hayo kilikuwa ardhi, malisho na maji, wala si dini. Ndiyo sababu si busara kuongeza mpaka wa dini juu ya mipaka iliyopo.

Kielelezo kiko karibu. Wimbo wa Taifa unaopigiwa washindi wetu ni maombi, na lahani yake ilitokana na bembelezi ya Wapokomo. Humwita Mungu bila kutaja dhehebu, na hauombi yeyote ashindwe.

Basi Mkristo na aombe kwa uhuru, kwa maneno na ishara za imani yake. Yanapokuja maombi ya timu, kila mmoja apewe kitambo cha kimya aombe kwa njia yake, au waombe pamoja afya na uadilifu kwa pande zote mbili. Kristo aliwafunza wafuasi wake kuwaombea hata maadui. Sembuse mpinzani wa dakika 90, ambaye kesho mtakutana naye sokoni Garsen?