Maumivu ya Mchukuzi si Uvivu

Katika masoko yetu makubwa, alfajiri na mapema, wachukuzi huwa wamekwisha kuanza kazi. Hushusha kutoka katika malori magunia ya viazi, vitunguu, mahindi na mkaa, wakayatwika mabegani na kuyafikisha ghalani. Bila jasho lao mji haupiki. Lakini mchukuzi husifiwa maadamu ana nguvu. Siku nguvu zinapomwisha hupewa majina mengine: mvivu, mzururaji, kupe.

Tunapenda kutamka wazi kwamba majina hayo ni dhuluma. Mtu aliyebeba magunia kwa miaka ishirini, kisha akalalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, kwamba vidole vimekufa ganzi, au kwamba maumivu yanamshuka kutoka kiunoni hadi unyayoni, hana jeraha la kuwaonyesha watu. Hata picha ya eksirei yaweza isionyeshe kitu, kwa kuwa eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi mishipa ya fahamu. Kutoonekana kwa ugonjwa si ushahidi kwamba mgonjwa anasingizia.

Wataalamu wa tiba wanaeleza kwamba mzigo mzito, ukirudiwa siku baada ya siku, huzikandamiza sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo. Sahani ikichomoza hubana mzizi wa mshipa wa fahamu. Mshipa ulioumia hupona polepole mno. Unapoota upya huenda kiasi cha milimita moja tu kwa siku, na mara nyingine haurudii hali yake ya kwanza. Ndipo hutokea kwamba mzigo umekwisha kutuliwa, lakini mshipa unaendelea kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe, yaani yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Nalo Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2010, limeyatambua kuwa magonjwa ya kazi madhara ya mishipa ya fahamu yatokanayo na mitikisiko ya mashine, na kubanwa kwa mshipa wa kiganja kwa kazi ya kurudiarudia.

Sasa tutazame mzigo wenyewe. Lumbesa imepigwa vita miaka mingi kwa sababu moja iliyo ya haki: inampunja mkulima. Lakini yuko mtu wa pili anayepunjwa, naye ni yule anayeitwika. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia halali la mazao katika nchi yetu laweza kufika kilo 100, na lumbesa huzidi hapo. Ni dhahiri basi kwamba hata mfanyabiashara anayetii sheria ya vipimo humtwika binadamu mwenzake mzigo unaokaribia mara mbili ya kiasi hicho.

Watasema wengine kwamba magunia madogo yataongeza gharama. Hoja hiyo haina uzito. Saruji hufungwa katika mifuko ya kilo 50, na sukari vilevile, wala biashara ya bidhaa hizo haikufa. Wengine watasema kwamba mchukuzi mwenyewe hulipwa kwa gunia, hivyo hupenda gunia kubwa. Jawabu ni kumlipa kwa uzito aliobeba, na kuyapatia masoko mikokoteni na majukwaa ya kushushia mizigo.

Upande wa fidia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta Mfuko ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, bila mfanyakazi kukatwa hata senti moja, nayo inahusu ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mwajiri wa mchukuzi wa sokoni ni nani? Asubuhi hubeba mzigo wa huyu, mchana wa yule. Mwenye mabwana kumi huonekana hana bwana hata mmoja, na hivyo hubaki nje ya mlango. Halmashauri zinazotoza ushuru wa kila gunia liingialo sokoni hazishindwi kuandikisha kila mchukuzi aliyelibeba. Wachukuzi waandikishwe, wasaidiwe kuunda vyama vya ushirika, na sehemu ya ushuru huo iwe kinga yao.

Tusisahau pia kwamba si kila ganzi imeletwa na mzigo. Kisukari, ukoma, upungufu wa vitamini na ulevi huharibu mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kupimwa, wala asiachwe ajitibu kwa vidonge vya dukani. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu mara nyingi hazifui dafu mbele ya maumivu ya aina hii, na baadhi yake, zikitumiwa kwa muda mrefu, huumiza tumbo na figo. Zipo dawa nyingine, kama amitriptilini, ambazo daktari anaweza kuziandika. Kama yuko anayejisingizia ugonjwa, basi na abainike kwa vipimo vya daktari, si kwa ndimi za majirani.

Mtumishi wa umma anayepokea fomu ya mgonjwa wa namna hii asimwambie aje kesho kutwa. Kwake safari moja ya kwenda ofisini ni mateso. Mwalimu naye, ambaye mara nyingi ndiye msomaji na mwandishi wa barua za kijiji kizima, amsaidie kuijaza fomu hiyo, na amwelewe mtoto anayekosa daftari kwa sababu mabega ya baba yamechoka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilidai kila mwenye nguvu afanye kazi, lakini lilikiri kwamba wako wenye haki ya kutegemea wenzao: watoto wadogo, wazee na vilema. Mchukuzi aliyeharibika mishipa kwa kazi yumo katika haki hiyo. Kupe ni yule aishiye kwa jasho la mwingine bila kutoa lake. Mchukuzi amekwisha kulitoa lake lote, na deni lililobaki ni letu. Tuanze kulilipa kwa kuligawa gunia mara mbili.