Kwanza Matunzo, Ndugu Zetu wa Kanada

Ndugu mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine, au aliyevunjika mgongo shambani, anajua jinsi watu wanavyokuwa wepesi kumwita mzigo. Ndiyo maana mambo ya Kanada yanatuhusu.

Tangu Juni 2016 sheria ya huko inamruhusu daktari kumsaidia kufa mgonjwa aliyeomba mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa kwa wale ambao kifo chao kimekwisha karibia. Mwenye saratani anayeteseka akiomba apumzike, sisi hatuna ubishi naye. Lakini Machi 2021 sheria ilipanuliwa, ikawafikia wenye ugonjwa mzito au ulemavu ambao kifo chao bado kiko mbali. Mwaka 2023 walikufa kwa njia hii watu 15,343, na 622 kati yao walikuwa wa kundi hilo la pili.

Vyama vya walemavu viliipeleka serikali mahakamani Septemba 2024. Hoja yao ni nyepesi kuielewa: mzima akitaka kujiua, watu humkimbilia wamzuie; mlemavu akitaka kufa, hupewa fomu. Nyumba ya kupitisha kiti cha magurudumu hana, wa kumwogesha hana, posho haitoshi kodi. Huyo amechagua nini?

Pesa nazo zimo. Oktoba 2020 ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba kuipanua sheria kungepunguza gharama za matibabu kwa dola milioni 62 katika mwaka 2021. Ofisi ilionya hesabu hiyo isiwe sababu ya kuhimiza vifo. Vema, lakini sisi tunawajua matajiri wakishaonyeshwa hesabu.

Na je, mtu asiye Mzungu atamwamini daktari gani? Tarehe 28 Septemba 2020 Joyce Echaquan, mama wa kabila la Atikamekw, alifariki katika hospitali ya Joliette, Quebec, baada ya kunasa kwa simu matusi ya wahudumu wa hospitali. Uchunguzi wa serikali ulisema ubaguzi ulichangia kifo chake. Wiki moja tu baadaye, muswada wa kuipanua sheria ulikuwa mezani Bungeni.

Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za walemavu iliitaka Kanada iufute upanuzi huo. Wajumbe wetu wanaokwenda Geneva kila Juni wawaulize wenzao wa vyama vya Kanada wamesimama upande gani.