Shimo la ng'ombe aliyekufa tulilipie sote

Ng'ombe wa Girinka, mpango wa serikali ya Rwanda wa kuzipa familia maskini ng'ombe, akifa katika kijiji cha mbali huko Nyagatare, mwenyewe hupata hasara juu ya hasara. Amepoteza maziwa, mbolea, pengine na ndama wa kwanza aliyepaswa kumpa jirani. Kabla machozi hayajakauka anaambiwa achimbe shimo la mita mbili, mbali na mto na chemchemi, amfukie mnyama mzima bila kumchuna. Vibarua awalipe yeye. Mimi ni daktari wa mifugo, naishi Kimironko hapa Kigali, na nasema huku ni kumwonea mfugaji.

Amri yenyewe ni sahihi. Chukua kimeta. Vimelea vyake vikibaki ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa, vingi hufa siku chache tu nyama inapooza. Kisu kikipita, damu ikamwagika na kupata hewa, vinajifungia ganda gumu na kukaa ardhini miongo mingi. Mwishoni mwa 2023 kimeta kiliua watu wilayani Kyotera, Uganda, na nyama ya ng'ombe waliojifia ilitajwa kuwa chanzo. Homa ya Bonde la Ufa nayo, iliyotupiga 2018 na tena 2022, humpata mtu anayeshika damu ya mnyama mgonjwa au ndama aliyetoka kabla ya wakati.

Sasa njoo kwenye shimo. Ng'ombe chotara wa maziwa hufika kilo 400. Msimu mmoja wa mvua nilisimama na mama mjane kando ya mzoga unaotoka puani damu nyeusi isiyoganda. Vijana wawili wa jirani walikuwa na majembe ya kulimia. Walipofika magotini wakagonga mwamba. Tukahamia bondeni, huko maji yakaanza kujaa kabla shimo halijafika kiunoni. Shamba lake lote halifiki nusu hekta, hapakuwa na pa tatu. Jua linazama, mtu akamnong'oneza kwamba yuko mwenye pikipiki, angenunua nyama usiku uleule, taslimu. Mama alikataa, Mungu ambariki. Tukaufunika mzoga kwa turubai, tukauzungushia miiba mbwa wasiufikie, hadi asubuhi majirani walipokuja na sururu. Si kila mtu atakataa, na sitamlaumu mwenye watoto wanaodaiwa karo.

Hata wenye magari na askari huelemewa. Aprili 2025, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, mizoga ikielea Mto Ishasha hadi Ziwa Edward. Wahifadhi wenyewe walisema kuizika bila mashine za kuchimbia ni shida. Huko walitumia soda kali; wengi wetu humwaga chokaa kwa mazoea, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unashauri isitumike kwa kimeta, maana kalsiamu yake yaweza kuvisaidia vimelea kudumu udongoni. Mjane wa Nyagatare atayajuaje hayo peke yake?

Sisi wa Kigali ndio walaji. Maziwa ya Nyagatare tunayanywa kila asubuhi, brosheti tunaziagiza kila jioni. Shimo lile linatulinda sisi kabla ya kumlinda yeye. Kwa hiyo kila sekta ya wafugaji itenge mahali palipopimwa, penye udongo wenye kina na mbali na maji. Iweke sururu, turubai, glavu na buti, na fungu la kuwalipa wachimbaji siku hiyohiyo. Bima ya mifugo iliyoanza 2019, ambayo serikali huichangia asilimia 40 ya ada, ilipe na mazishi ya mnyama, tena haraka, mara daktari wa sekta anaposaini cheti cha kifo. Na asiye na bima azikiwe mnyama wake vilevile, bila kuulizwa faranga hata moja.